Karanga Mlangoni kwa Nessa

Dervla alisimama dirishani, akatazama barabara, akarudi jikoni. Akafungua kabati, akasoma maandishi kwenye pakiti ya biskuti, akaifunga. Dakika haikupita akaifungua tena.

"Mwanangu, hiyo pakiti imekukosea nini?" aliuliza mama mkwe wake, Philomena. "Keti, unywe chai."

"Nitakunywa, Mama. Bado kidogo."

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba. Katika mji wao mdogo wa Roscommon, mvua ilikuwa ikinyesha na kukatika, na majani yalijaa kwenye mifereji ya barabarani. Karibu kila mlango ulikuwa na boga lililochongwa macho na meno. Halowini ilikuwa inakaribia. Jioni hiyo watoto huvaa vinyago, wakapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba huwapa kitu cha kula. Mji mzima ulichangamka. Dervla peke yake hakuwa na raha.

Alikuwa na binti mmoja, Nessa, mwenye umri wa miaka saba. Mwaka huo, wakati wa kiangazi, madaktari waligundua kwamba Nessa ana mzio wa karanga. Kipande kidogo tu kingeweza kumvimbisha koo na kumziba pumzi. Walipewa sindano mbili zilizotengenezwa kama kalamu. Dervla aliziweka kwenye mkoba mwekundu juu ya friji. Aliomba asije akazihitaji.

"Mama, mimi nitakuwa mbweha," alisema Nessa, akivuta mkia aliokuwa akiushona. "Baba ataniazima koti lake la kahawia."

"Tutaona, mpenzi."

"Ukisema tutaona, maana yake hapana."

Philomena alicheka. Alikuwa amesimama kwenye jiko, akikoroga sufuria ya jamu. Aliitengeneza kwa matufaha ya bustanini na beri nyeusi alizochuma vichakani mwezi wa Septemba na kuziweka kwenye friza. Katika nchi yao watu husema Halowini ikishapita, zimwi huzitemea mate beri zote zilizobaki. Kwa hiyo Philomena huchuma mapema.

"Mwache mtoto aende," alisema. "Sisi tulipita kila nyumba. Tukirudi, mifuko imejaa karanga za maganda. Tulizimenya hapa mbele ya moto mpaka sakafu haionekani. Wakati ule hakuna mtu aliyekuwa na mzio."

"Walikuwepo, Mama. Walikufa, na watu hawakujua kilichowaua."

Philomena aliinamia sufuria. Akakoroga kwa nguvu zaidi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Dervla alimkatia Nessa mkate, akaupaka siagi na ile jamu mpya. Yeye mwenyewe alikuwa amemwona Philomena akiitengeneza. Matunda, sukari na ndimu, basi. Hakuwa na wasiwasi nayo hata kidogo.

Nessa alikula nusu. Akaweka mkate chini.

"Mama, mdomo unaniwasha."

Dervla aligeuka. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba. Mabaka mekundu yalikuwa yakipanda shingoni. Nessa akakohoa, akakohoa tena, na kifua chake kikaanza kupiga filimbi.

"Mpe maji!" alisema Philomena.

Dervla alishusha mkoba mwekundu. Akaitoa sindano. Je, ni mzio kweli? Jamu haina karanga. Akimchoma bure? Akimuumiza?

"Fintan!" alimwita mumewe. "Mwite Bi Breda! Kimbia!"

Breda Scanlon alikaa nyumba ya pili. Alikuwa muuguzi wa afya ya jamii, na nusu ya watoto wa mji ule aliwapima yeye. Aliingia na ndara miguuni, nywele hazijachanwa. Alimtazama Nessa mara moja tu.

"Choma sasa."

"Sina hakika kama…"

"Dervla, anavimba na anapumua kwa shida. Usingoje hakika. Ukichoma bila sababu, moyo utamwenda mbio kidogo. Usipochoma, unaweza kumpoteza. Pajani, upande wa nje. Hata juu ya suruali. Sukuma na ushikilie."

Dervla alisukuma. Sindano ililia *tiki*. Nessa alipiga kelele, na Dervla akalia pamoja naye.

"Vizuri," alisema Breda. "Fintan, piga simu ya dharura. Sema ni mzio mkali wa chakula. Nessa, kaa chini hapo hapo, nyoosha miguu. Usisimame wala usitembee."

"Niende chooni," alisema Nessa kwa sauti nyembamba.

"Ukikojoa hapo ulipo, zulia ni la bibi yako, si langu."

Nessa alijaribu kucheka. Kidogo kidogo ile filimbi ya kifuani ikapungua. Breda alikuwa na sindano ya pili mkononi, tayari, kama ya kwanza isingefanya kazi. Haikuhitajika. Gari la wagonjwa likafika.

"Si nafuu amepata?" Fintan aliuliza. "Lazima aende?"

"Lazima. Dawa hii ikiisha nguvu, mzio unaweza kurudi. Wakamwangalie hospitali."

Nessa alilala hospitali usiku mmoja. Aliporudi, alikuwa mzima na mwenye njaa. Lakini nyumbani hakukuwa na amani. Philomena hakuigusa tena ile sufuria. Alikaa kitini akitazama chupa za jamu zilizopangwa dirishani.

"Nimemlisha sumu mjukuu wangu," alisema.

"Mama, hukutia karanga," alisema Dervla. Lakini hata yeye usiku ule alikuwa amewaza na kuwazua. Aliitazama kila chupa kana kwamba ilikuwa na nyoka ndani.

Breda alikuja jioni. Akakaa mezani, akaomba chupa ile iliyoliwa. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani mwingine amekula jamu hii?"

Fintan alijikuna shingo.

"Mimi. Ijumaa, nilipotoka kazini. Nilipaka mkate."

"Ulipaka jamu peke yake?"

"Na siagi ya karanga. Ninayo chupa yangu kwenye gari, huwa siiingizi ndani. Siku hiyo niliiingiza. Nilipaka karanga kwanza, halafu…" Uso wake ukapauka. "Halafu nikachovya kisu kile kile."

Dervla alisimama. Alitaka kupiga kelele. Alitoka nje, akazunguka banda la kuni, akazunguka tena, mvua ikimnyeshea. Aliporudi, mumewe alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Keti, Dervla," alisema Breda. "Mkigombana mpaka kesho, kisu hakitatoka kwenye chupa. Sikilizeni, maana nyumba nyingi hukosea hapa. Mtu hutazama kilichomo kwenye chakula, akasahau kilichogusa chakula. Kisu, kijiko, ubao wa kukatia, mikono. Mabaki ambayo huwezi kuyaona yanatosha."

"Nilikifuta kile kisu," alisema Fintan.

"Kufuta hakutoshi. Osha kwa maji ya moto na sabuni. Na mikono ni hivyo hivyo. Ile dawa ya kupaka mikononi inaua vijidudu, lakini karanga si kijidudu. Haifi. Inatolewa kwa sabuni na maji."

"Na pakiti?" aliuliza Dervla. "Nimezisoma mpaka macho yanauma."

"Endelea kuzisoma. Kila unaponunua, hata kama ni biskuti zile zile, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha. Kama imeandikwa 'huenda ina karanga', iache dukani. Chokoleti ndogo za sikukuu nazo, usidhani ni sawa na kubwa. Mara nyingi maandishi yake ni tofauti."

Dervla alishusha pumzi. "Basi nimeamua. Halowini tutafunga mlango na kuzima taa. Nessa hatoki."

Mlango wa sebule ulifunguka. Nessa alikuwa amesimama pale, mkia wa mbweha mkononi.

"Aliyechovya kisu ni Baba," alisema. "Kwa nini nifungiwe mimi?"

Alirudi sebuleni, akaufunga mlango kwa kishindo.

"Ana haki," alisema Philomena polepole.

Breda aliegemea meza. "Dervla, huwezi kumfungia mpaka aolewe. Kazi yetu ni kumfanyia nafasi hapa mjini, na kumfundisha ajilinde. Kuna watu wanapaka boga rangi ya feruzi, ile ya buluu na kijani, wanaliweka mlangoni. Maana yake, nyumba hii ina zawadi zisizo za kula. Penseli, vibandiko, mapovu ya sabuni. Mtoto mwenye mzio anapata, mwenye kisukari anapata, asiyeweza kula ngano anapata. Hakuna anayerudi mikono mitupu."

"Nani atakubali hapa?" aliuliza Dervla. "Watasema tunajifanya."

Philomena alinyanyuka, akavaa koti.

"Mama, unakwenda wapi? Mvua hiyo!"

"Mlangoni kwa watu. Mimi ndiye niliyesema zamani hakuna mzio. Nusu ya mtaa huu wamenisikia nikisema. Sasa wanisikie nikisema lingine."

Siku mbili alipita nyumba kwa nyumba na mwavuli wake. Wengine walikubali papo hapo. Mwanamke mmoja alimshika mkono, akasema mwanawe hawezi maziwa, na kila mwaka humdanganya kwamba pipi zake zimepotea. Mzee Tansey, aliyekaa nyumba ya mwisho karibu na daraja, alimcheka.

"Philomena, mtatupiga marufuku hata kupumua. Halowini bila karanga ni Halowini gani?"

"Ni ile ambayo mjukuu wangu anabaki hai," alimjibu, akageuka, akaenda zake.

Nyumbani, Fintan aliitupa ile chupa ya jamu iliyochovywa. Philomena akataka kuzitupa zote.

"Hapana," alisema Breda. "Hizi zingine hazijafunguliwa. Lakini naona mbili zimeanza kuota ukungu. Uliziandaaje chupa?"

"Niliziosha, nikazipangusa kwa kitambaa, nikatia jamu ilipopoa. Na nilipunguza sukari, daktari anasema sukari mbaya."

"Zenye ukungu tupa chupa nzima. Usikwangue juu ukala chini. Sukari kwenye jamu si utamu tu, ndiyo inayoitunza isioze. Njoo tupike nyingine. Dervla, njoo na wewe. Mikono yako inahitaji kazi."

Kweli ilihitaji. Wote walinawa kwa sabuni. Waliosha sufuria na mwiko kwa maji ya moto. Walichemsha matunda yaliyobaki kwa maji kidogo mpaka yakalainika. Kwa kila kilo ya matunda wakatia kilo ya sukari, na maji ya ndimu. Dervla alikoroga mpaka sukari ikayeyuka yote, ndipo Breda akaongeza moto. Jamu ikachemka na kurukaruka.

"Imeiva?" Dervla aliuliza. Baada ya muda mfupi, akauliza tena.

"Usiiulize, ijaribu." Breda alitoa kisosi kwenye friza, akadondoshea tone. Akangoja, akalisukuma kwa kidole. Tone likajikunja juu kama ngozi ya maziwa. "Sasa imeiva."

Chupa zilikuwa zimeoshwa, zikasuuzwa, zikawekwa kwenye oveni ya moto mdogo mpaka zikakauka zenyewe. Walitia jamu ya moto kwenye chupa za moto, wakafunga vifuniko vizuri. Nessa aliandika karatasi za kubandika: jina la jamu, vitu vilivyomo, na tarehe.

"Zikae kabatini, mahali pa baridi na giza," alisema Breda. "Ikifunguliwa, iingie kwenye friji. Na kijiko safi kila mara."

Fintan alichukua chupa moja, akaifunga utepe mwekundu. "Hii ya Nessa," alisema. "Mimi siigusi. Na siagi ya karanga nimeiacha kabisa. Nitakula jibini kama watu wengine."

Siku ya Halowini ikafika. Giza liliingia mapema. Mlangoni kwao kulikuwa na boga la feruzi, na ndani kapu la penseli, vibandiko na chupa ndogo za mapovu. Philomena alikaa kwenye kiti akigawa. Mkate wa zabibu wenye pete ndani, ya kumtabiria ndoa atakayeipata, aliuoka mwenyewe, baada ya kusoma kila pakiti mara mbili, miwani puani.

Nessa alitoka, mbweha mwenye koti refu. Mkoba mwekundu ulining'inia begani kwa Dervla. Mapatano yao yalikuwa wazi: hakuna kula njiani. Kila kitu kikaguliwe mezani nyumbani kwanza.

Dervla alimfuata kwa nyuma. Kila mlango ulipofunguliwa, aliushika mkoba. Aliyahesabu maboga ya feruzi barabarani, akapoteza hesabu. Hakutegemea yangekuwa mengi hivyo. Bado alitaka kumshika mtoto mkono na kurudi.

Walifika nyumba ya mwisho. Hapakuwa na boga lolote. Mzee Tansey alifungua, bakuli mkononi. Lilijaa karanga za maganda.

Dervla alipiga hatua mbele. Lakini Nessa alikuwa ameanza kusema.

"Asante, Bwana Tansey. Karanga zinanidhuru. Zinaniziba pumzi. Una kitu kingine?"

Mzee alimtazama. Akatazama bakuli lake. Akaingia ndani, mlango akauacha wazi.

Alikawia. Maji yalisikika yakimwagika jikoni. Dervla alihamisha mkoba bega hadi bega. "Twende, mpenzi," alinong'ona.

"Ngoja, Mama."

Mzee akarudi. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa, imelowa hadi viwiko. Alikuwa ameshika tochi ndogo.

"Nimenawa kwa sabuni mara mbili," alisema kwa kununa. "Bibi yako atanichinja. Hii ilikuwa ya kuvulia samaki. Taa yake inafika ng'ambo ya mto. Haya, jaribu."

Nessa aliiwasha. Mwanga ukaruka juu ya daraja, ukavuka maji meusi, ukatua kwenye miti ya upande wa pili. Majani yaliyobaki yakang'aa kama dhahabu.

"Mama, ona!" alisema.

Dervla aliona. Kisha mtoto akatangulia kurudi nyumbani, akiimulika njia, na mama yake akamwacha atangulie.