Kisanduku cha Saba

Kisanduku cha saba kwenye fomu hakikuwa na jina. Sita vya juu vilijieleza vyema: aliyepotea, anayemtafuta, siku alipoonekana mwisho, na kadhalika. Mchapaji wa mtaa wa Wandegeya alisahau kile kimoja, na Bwana Oduor, mkuu wa ofisi hiyo ndogo ya kuorodhesha waliochukuliwa na askari, akasema karatasi ni adimu, zitumike hivyo hivyo.

Karani wake, Kulthum, alizinakili daftarini, kila kisanduku kwenye safu yake. Mumewe Hamdun ndiye aliyepotea katika fomu ya kwanza.

Jumatatu chumba kilinuka udongo wa kaburi. Kisanduku cha saba cha fomu moja kilikuwa na jina kwa wino mbichi: Ajwang. Ndiye aliyeijaza, akimtafuta kaka yake. Jumatano Ajwang naye akachukuliwa.

"Nani ameandika hapa?" Kulthum alinong'ona.

"Mama Habib, mimi sijashika," alijibu Oduor. " Funga hiyo mlango kwanza, watatusikia."

Alhamisi akafungua fomu ya Hamdun. Aliyeijaza ni mwanawe, Habib. Katika kisanduku cha saba herufi zilikuwa zikijiandika, H, kisha a, polepole, bila mkono.

Alikimbia hadi kwa Maalim Umar, msikitini.

"Mwanangu, nyumbani chungu unakifunika?"

"Nakifunika, Maalim. Kwa Bismillahi."

"Na hicho mmekiacha wazi, kila apitaye aweke chake. Kipe jina. Kiseme kinataka nini, kwa nani."

Alirudi mvua ikinyesha, ofisi imeingia giza mchana. Akaketi kwenye taipureta, akapiga juu ya kila kisanduku cha saba maneno "Jina la karani aliyenakili", akajaza lake moja baada ya jingine, huku nyuma ya kiti chake kitu kikivuta pumzi nzito, yenye baridi, karibu na shingo, kila karatasi ikikisogeza karibu zaidi, mpaka akabaki na fomu ya Hamdun, ambayo herufi zake zilikuwa zimefika Habi.

Akapiga maneno yale. Wino wa zile herufi ukanywewa na karatasi. Kisanduku kikabaki kitupu, kikingoja.

Kulthum akasema Bismillahi. Akaandika: Kulthum.

Pumzi ikanyamaza. Habib akasimama mlangoni, mzima, amelowa.

"Mama, twende. Mvua imepungua."

Barabarani gari la askari likazima injini. Milango miwili ikafunguliwa.

"Tangulia, baba," alisema Kulthum. "Pita uani. Usinisubiri."