Suruali Ndefu ya Arvo

Suti ilikuwa kavu. Akimana alipapasa bitana, mifuko na kola, akarudia tena, kavu kabisa. Lakini fleti yote ilinuka sufu iliyolowa, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na chumvi ya bahari. Na St Marys, kitongoji cha ughaibuni walikoishi, jamani, bahari iko mbali.

Suti hiyo alipewa na Bibi Helmi, ajuza wa Kiestonia ambaye Akimana alikuwa akimhudumia katika nyumba ya wazee huko Parramatta. Sheria ya kazi inakataza zawadi. Lakini Akimana ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na huko humrudishii bibi mkono alioukunjua. Isitoshe, mwanawe Rénovat alikuwa karibu kupata kipaimara.

"Ilikuwa ya kaka yangu Arvo," Bibi Helmi alimwambia. "Kwetu mvulana mdogo alivalishwa suti ya baharia, yenye kola pana mgongoni. Akikua, koti na kaptura, na soksi ndefu za sufu, maana baridi ya kule si mchezo. Suruali ndefu aliingoja mpaka kipaimara. Siku hiyo ndipo alipohesabiwa mtu."

Kweli, chini ya koti jeusi palikuwa na kaptura. Akimana alicheka. Mwanawe asimame mbele ya askofu magoti nje? Wanajumuiya wangemtafuna mzimamzima. Akaiweka kaptura kando, akanunua kitambaa cheusi, akamshonea Rénovat suruali ndefu ya kuendana na koti. Kosa lilianzia hapo, ingawa sijui ni mama gani asingelifanya.

Rénovat alipoijaribu, alikunja uso. "Mum, it's wet."

"Imekauka, wewe. Simama nikuone."

Asubuhi waliikuta kabatini ikidondosha maji, kuanzia magotini kwenda chini. Juu ya magoti ilikuwa kavu. Ikatupwa kwenye mashine ya kukaushia, ikatoka na maji vilevile. Kisha baridi ikahamia kwa mtoto mwenyewe: kwanza vidole, halafu nyayo, halafu ikaanza kupanda. Daktari alipima damu, akasema ni growing pains tu, maumivu ya kukua, atazoea. Lakini Akimana alimfinya mwanawe kwenye kifundo cha mguu na mtoto hakushtuka, na hapo mama aliogopa kweli. Kila jua lilipozama, nyayo zenye maji zilitembea koridoni, chwa, chwa, chwa, zikasimama mlangoni pa Rénovat.

Akamrudia Bibi Helmi. Ajuza alimsikiliza, akamvuta karibu.

"Uliweka nini chini ya lile koti?" alinong'ona.

"Suruali ndefu."

Bibi alifumba macho. "Tulikimbia vita kwa mashua. Arvo alivaa kaptura yake kuukuu, suti mama aliificha kwenye furushi isilowe. Alimwahidi, tukifika ng'ambo utapata kipaimara, nitakushonea ndefu. Wimbi lilimchukua tukiona nchi kavu. Sasa amemwona mwingine amevaa yake."

Akimana alimpigia Mama Kasoki, Mkongomani anayeongoza chumba cha maombi, mwanamke ambaye mapepo ya Blacktown yote yanamjua kwa jina. Kasoki alifika na rozari, akanusa hewa, akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto ya watu, dada. Hakuna kumfukuza. Anataka chake. Umushonee, tumupelekee kwa maji. Lakini sikia vizuri: kata sawasawa na mwili wake. Usiache kitu ya kesho."

"Nitajuaje kipimo chake?"

Kasoki aliangalia koridoni. 

Jua lilipozama Akimana alipiga magoti koridoni na futi yake ya kupimia nguo mkononi, na Kasoki nyuma yake akisali kwa sauti ya chini, na nyayo zikaja, chwa, chwa, zikaacha alama za maji sakafuni, alama ndogo zenye vidole vitano vitano, zikasimama mbele yake karibu kiasi kwamba baridi ilimpiga usoni, naye akainua mwanzo wa futi kwenye hewa tupu, akisema, "Shika hapa, mwanangu," kama alivyozoea kumwambia Rénovat, na kitu kikaishika futi, kikaikaza, naye akaishusha polepole kando ya mguu asiouona, maji yakimtiririkia kwenye kiwiko, mpaka chini sakafuni, akasoma namba, na juu ya kichwa chake akasikia mtu akivuta pumzi kwa furaha.

Alishona akilia. Wakaipeleka suruali mtoni, karibu na gati la feri la Parramatta, wakaiweka juu ya maji. Haikuelea. Ilivutwa.

Kesho yake Rénovat aliamka akidai chai na kulalamika kwamba blanketi linamwasha miguuni. Alipata kipaimara akiwa na shati jeupe na suruali ya shule, na Akimana alipiga vigelegele mpaka padri akatabasamu.

Majira ya joto yalipofika, Akimana alirudi kutoka kazini mchana. Rénovat alikuwa kwenye mazoezi ya mpira. Kabla hajatia ufunguo aliinusa: sufu iliyolowa.

Suruali ya Arvo ilikuwa kizingitini, imekunjwa vizuri, ikidondosha maji. Aliiokota, akaugeuza mguu mmoja wa suruali. Pindo lilikuwa limefumuliwa, uzi baada ya uzi, limeshushwa lote. Pindo pana, vidole vinne. Hakukumbuka hata kulikunja. Mikono yake ilikuwa imefanya ilivyofanya kwa kila nguo ya mwanawe, ikaacha akiba, kwa sababu watoto hukua.

Ndani ya fleti tupu mtu alikohoa, kisha akaita, kwa sauti nzito iliyokatika katikati, sauti ya mvulana anayebalehe.

"Mama?"