Dawa Isiyolazwa

Ngumi ya Silvesta ilitua kwenye pua ya jamaa aliyemsukuma Kerubo mlangoni pa basi la kampuni, Industrial Area ya nchi ya Kiarabu walikotoka Kenya kutafuta kazi, Alhamisi jioni watu wakigombania viti. Damu ikarukia blauzi yake ya njano.

"Umeniharibia nguo!" Kerubo alifoka.

"Pole, dadangu. Nitakununulia mbili."

Loo! Askari wa lango, sare imepigwa pasi ikanyooka, na bado ana mzaha! Haukupita mwezi wakawa wanapigiana simu wakiwa kiwanda kimoja cha manukato, yeye langoni, Kerubo maabara.

Alhamisi nyingine Silvesta alipenya ndani amwone mpenzi wake akipima mafuta ya mdalasini. Kerubo alidondosha mafuta kwenye dawa yenye madini ya fedha, akapasha chupa moto kidogo. Taratibu chupa ikageuka kioo cha kujitazamia.

"Hiyo ni aldehaidi, kemikali iliyomo kwenye mdalasini," alisema. "Isingekuwemo, usingeona kitu."

"Bebi, wewe ni mchawi! Na dawa iliyobaki, mbona unaimwaga?"

"Siri ya kazi," alicheka, akimringia.

Hakumwambia kwamba dawa hiyo ikilazwa hadi kesho yake huwa baruti, ukiigusa tu inalipuka. Alipogeuka kunawa mikono, Silvesta alitia kichupa kimoja cha dawa hiyo mfukoni.

Jumapili mudir, yaani meneja wao, Paul, alihesabu vichupa, kimoja kikakosekana, akampigia Kerubo kelele: kisipopatikana, atarudishwa Kenya. Kerubo alikumbuka nani alikuwa maabara. Akapiga simu.

"Silvesta, umechukua kichupa?"

"Njoo langoni, sweetie. Nina kitu chako."

Alimkuta na kiboksi chekundu, akitabasamu. Akamzaba kofi, kisha la pili.

"Mwizi! Nyumbani wananitegemea mimi, na wewe unanifukuzisha kazi!"

"Nilitaka kigeuke kioo nikutilie pete ndani," alisema, mdomo ukivuja damu. Akafungua kiboksi, kichupa kimo ndani. "Kimekataa."

Kitakoni mwa kichupa palikuwa pamekauka ukoko mweusi. Kerubo alikumbuka dawa ilikuwa imelala siku tatu.

"Kitupe!"

"Nitupe zawadi yako?"

Kerubo akampiga mkono kwa nguvu zote. Kichupa kiliruka, kikapasuka kwa kishindo kabla hakijafika chini. Vigae vilimchana Kerubo kidevu. Silvesta alianguka akipiga mayowe, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo.

Hospitalini, kando ya kitanda cha Silvesta, Paul alimletea Kerubo karatasi. "Andika kwamba aliiba. Polisi watamchukua, wewe utabaki kazini."

Kerubo akaandika: *Aliniuliza kwa nini naimwaga. Nilijua ni hatari, sikumwambia. Kosa ni langu.* Paul aliisoma, akatikisa kichwa. "Khalas, kazi imekwisha. Utarudishwa Kenya Jumatano."

Paul alipotoka, Silvesta aliingiza mkono mzima chini ya mto, akatoa pete.

"Nilikuwa bado sijaitia," alisema. "Utanisubiri nyumbani Kisii?"

"Na vidole vinane?" Kerubo alilia huku akicheka, akinyoosha mkono. "Nivishe basi, mume wangu, kabla hujapoteza vingine."