Jani la Fedha Shingoni mwa Yurleis

Mkono wangu ulikuwa begani mwa mjukuu wangu. Tunacheza dansi ya kwanza ya sherehe yake ya miaka kumi na mitano, ua wote umetulia, simu zimeinuliwa juu...

Ndipo nikaliona.

Shingoni mwake, kwenye mkufu mwembamba, lilining'inia jani la fedha lenye ncha iliyokatika.

Miguu ikasahau dansi.

Jani lile nililitengeneza mimi. Lakini sikumtengenezea yeye.

Nilimtengenezea mbwa.

Jamani, msicheke kwanza. Nisikilizeni.

Naitwa Eustorgio, sonara wa hapa Mompox, mji wetu wa kando ya mto. Kazi yangu ni nyuzi za fedha. Unaivuta fedha mpaka inakuwa nyembamba kama unywele, unasokota nyuzi mbili ziwe moja, unazikunja, unazichomelea, na ukipumua vibaya umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Nilianza nikiwa mtoto. Kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, shule ya usiku, kwa hiyo haya mnayoyasoma nimeyaandika mwenyewe. Sikumwomba mtu.

Mchana, nikishafunga karakana, mimi ni wa mbwa. Tuko kikundi cha watu wa kujitolea. Tunaokota waliogongwa, waliotupwa, waliofungwa kamba wakasahauliwa. Tunawatibu, wananenepa uani kwangu, halafu wanatafutiwa familia.

Na kila mbwa anayepata familia namtengenezea jani dogo la fedha la kuvaa shingoni. Hakuna majani mawili yanayofanana.

Panela alikuwa jike wa rangi ya sukari guru, ambayo kwetu tunaiita panela, na ndiko alikopata jina. Sikio lake moja lilikuwa limeng'olewa ncha. Kwa hiyo jani lake nalo nikalikata ncha. Yurleis alikuwa amekaa pembeni yangu siku hiyo, amemshika Panela kichwa.

"Babu, unaliharibu."

"Siliharibu. Namwandika jina."

Yule mbwa nilimpenda kuliko wote. Ningebaki naye, ila mke wangu Edilma alishaweka sharti: mbwa wa kupita sawa, mbwa wa kudumu hapana. Nikatii.

Mdogo wangu Libardo ana bajaji inayofika kila kijiji. Yeye ndiye aliyekuwa akizipata hizo familia, na yeye ndiye aliyewapeleka mbwa. Panela, tukaambiwa, amepata familia yenye shamba kule Talaigua. Asubuhi anaondoka, Edilma mwenyewe alimvisha lile jani, akambusu kichwani.

"Nenda mama, umepata bahati," akamwambia.

Nililia kidogo. Edilma akaniletea kahawa.

Tangu hapo kila nikimuuliza Libardo, jibu ni moja: "Kaka, yule amenenepa huyo, hata wewe hatakutambua."

Sasa turudi kwenye dansi.

"Yurleis," nikamnong'oneza, "huo mkufu umeupata wapi?"

"Zawadi. Kanipa baba yangu wa ubatizo."

Baba yake wa ubatizo ni Libardo.

"Endelea kucheza, babu. Watu wanatazama."

Nilimaliza ile dansi. Msiniulize vipi.

Libardo nilimkuta kwenye meza ya chakula, sahani imejaa wali wa nazi na samaki. Pembeni yake yuko Nayibis, mpenzi wake mpya, anajipepea kwa kofia ya mtu.

"Libardo, Panela yuko wapi?"

"Kaka, leo siku ya mtoto. Kula kwanza."

"Yuko wapi?"

"Si Talaigua? Juzi nimepita, nimemkuta anafukuza kuku."

"Na jani lake?"

"Jani gani?"

"Lililo shingoni mwa Yurleis."

Akatafuna polepole. Nilimwona anatafuta uongo mdomoni, katikati ya wali, na haupati.

Nayibis akacheka. "Lile lenye ncha mbovu? Mimi nililikataa. Nikamwambia, mpenzi, kila siku unanipa majani, hata hereni mbili zinazofanana huwezi kunitengenezea?"

Nikamtazama masikioni.

Sikio la kulia lilikuwa na jani la Kapteni, mbwa niliyemtoa mtaroni na mguu uliovunjika. La kushoto lilikuwa na jani la Pecosa, aliyekuwa na madoa usoni, ndiyo maana jani lake nililinyunyizia chembe za fedha.

"Kakutengenezea nani?" nikauliza.

"Si huyu hapa. Anasema amejifunza kwako."

Libardo akaweka kijiko chini.

"Mbwa wangu umewapeleka wapi?"

"Kaka, tusi..."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Pale gatini, kwa wauza samaki. Matumbo yanatupwa kila siku, hawafi njaa pale."

"Wote?"

"Usinikazie macho mimi peke yangu. Muulize shemeji."

Edilma alikuwa amesimama kwenye keki, kisu mkononi, anawapanga watoto kwa urefu wapigwe picha. Nikamwendea.

"Edilma."

Aliniangalia usoni, akamwangalia Libardo kule nyuma yangu, akaweka kisu chini.

Hakuuliza kuna nini. Na hapo ndipo nilipojua.

"Nilimwambia awaondoe," akasema kwa sauti ya chini. "Sikumwambia awapeleke wapi."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza. Asubuhi wewe ni wa fedha. Mchana ni wa mbwa. Jioni unakuja kukaa kwenye kiti chako cha kubembea pembeni yangu, unasinzia. Mimi ni wa saa ngapi, Eustorgio?"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa unachomelea. Ukaniambia nisitikise meza."

Inawezekana kabisa nilisema hivyo.

Lakini nilikumbuka lile busu. Kamvisha jani, kambusu, kamwambia umepata bahati... na bajaji iko nje inanguruma, anajua inaenda pasipojulikana. Kisha kahawa yangu, na sukari akaikoroga yeye.

Miaka yote ya ndoa yetu, sikujua kwamba mke wangu anaweza kufanya mambo yale matatu kwa uso ule ule.

Nikachukua kofia. Mlangoni nikamkuta Yurleis amekwisha kulikusanya lile gauni lake kubwa la buluu na kulikumbatia.

"Nakuja."

"Wewe una wageni."

"Wana keki."

Tukashuka mtoni, tukapanda mtumbwi wa mashine. Mwenye mtumbwi aliliangalia gauni, akaniangalia mimi, akasogeza ndoo zake.

Gatini ng'ambo tulimkuta mama mmoja anaparua magamba ya samaki.

"Mama, unamjua mbwa wa rangi ya sukari guru, sikio moja halina ncha?"

"Yule wa bajaji?"

"Wa bajaji kivipi?"

"Kila bajaji ikishuka kwenye kivuko anaikimbilia. Anamchungulia dereva, halafu anarudi. Tangu walipomwacha. Angalia chini ya meza hapo."

Alikuwa chini ya meza. Mbavu nje, kidonda mgongoni. Yurleis akapiga magoti kwenye maji ya samaki na gauni lake, akamwita mara moja tu.

Panela alikuja akijikokota kwa tumbo, kama mwenye kosa.

Ndugu zangu, nimezika wazazi, nimezika rafiki. Nilikuwa sijawahi kulia mbele ya wauza samaki. Siku ile nililia.

Kapteni hatujampata mpaka leo. Kuhusu Pecosa, yule mama wa samaki alisema aliondoka na lori. Wengine wawili tumewapata, mmoja baada ya mwingine.

Tukiwa mtumbwini tunarudi, Panela kalala juu ya lile gauni, nikamwambia mjukuu wangu:

"Pole, mama. Zawadi yako imekuharibia siku."

"Babu, unafikiri sikulijua hili jani?"

Nikaligeukia lile jani shingoni mwake.

"Nilimshika Panela kichwa ukilikata. Babu Libardo aliponipa wiki iliyopita, nililitambua kabla hajatoka mlangoni. Nikamwambia bibi. Bibi akasema nimefananisha, na sherehe nivae lulu za mama."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Ungeenda kumuuliza bibi. Bibi angesema mtoto anaota. Ungemwamini nani?"

Mto ulikuwa umetulia. Niliutazama mto.

"Kwa hiyo nikalivaa," akasema. "Dansi ya kwanza ni yako. Nikajua macho yako hayatakuwa na pa kwenda."

Mtoto wa miaka kumi na mitano. Alitoa sherehe yake ili babu yake aone kilichokuwa mbele yake.

Leo Libardo hakanyagi kwangu. Nayibis alirudisha yale majani mawili siku iliyofuata, ameyafunga kwenye kitambaa, na hereni zake sijui anavaa zipi. Kila mbwa nampeleka mwenyewe, naona mlango, naona anapolala. Karakana nafunga mapema zaidi, na mtu akiniita nazima moto kwanza, ndipo namjibu.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu anayekuambia jambo wewe ukiwa kazini, zima moto umsikilize. Hilo nimelipata kwa uchungu. Na wewe usiyesikilizwa, piga kelele, vunja sahani, hama nyumba ukitaka. Lakini usimbusu kiumbe ambaye umeshamwitia bajaji.

Lile jani nilitaka kumrudishia Panela. Nikanyoosha mkono shingoni kwake... akajilaza chini, akatetemeka mwili mzima. Shingo yake haiguswi tena na mtu. Jani limebaki kwa Yurleis, na amenikataza kulitengeneza ncha.

Sharti la mbwa wa kudumu halijatajwa tena. Jioni mimi na Edilma tunatoa viti vyetu barabarani kama zamani, na Panela analala katikati. Siku hizi sisinzii. Tunaongea, hata tunacheka. Ila Edilma akinyoosha mkono kumgusa, Panela anainuka, anahamia upande wangu.

Edilma ananitazama, akisubiri nimwambie Panela arudi.

Bado sijamwambia.