Kilichoshika Buti kwa Ndani

Tak.

Sauti moja tu, kavu, kama ulimi uliogongwa gizani. Kisha kimya.

Fundi alifumbua macho akabaki amelala chali, mikono ingali inanuka grisi. Sauti hiyo aliijua. Kule gerejini, alikokuwa akitengeneza umeme wa magari, aliisikia kutwa nzima. Ilikuwa loki ya buti ikiachia. Na hapo nyumbani gari lilikuwa moja tu: lile la mbio, jekundu, la milango miwili, lenye injini nyuma na buti mbele, lililolala bandani chini ya turubai tangu liliposhushwa kwenye lori baada ya kaka yake kufa.

Ila loki ile ilikuwa ya umeme, na betri ya gari lile ilikuwa imekufa siku nyingi.

Kulipokucha alikwenda kuangalia. Aliinua turubai, akafungua mlango wa dereva kwa ufunguo wa chuma, akapiga magoti, akagusisha mita kwenye kisanduku cha fyuzi. Sifuri. Hata saa ya dashibodi haikupepesa. Betri yenyewe ilikuwa ndani ya buti la mbele, na buti la mbele halikufunguka bila betri. Walioliunda gari hilo walikuwa kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya sanduku lake mwenyewe. Buti lilikuwa limefungwa ndi.

"Umechoka wewe," alijiambia. Na kweli alikuwa amechoka. Nyumba nzima ilikuwa imechoka, uchovu ule usioondoka kwa kulala.

Ulianza na ugomvi wa zamani. Baba yake, seremala, alimlea mwanawe wa kwanza kwenye vumbi la mbao akiamini karakana itakuwa yake. Kijana akataka magari. Siku moja akaondoka bila kuaga, na randa kuukuu ya baba, ile ya mti mweusi aliyorithi kwa babu, ikaondoka naye. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, akiwa bado na penseli sikioni, "Jina la yule lisitajwe tena chini ya bati langu." Mama akatii. Wakazoea kusema "yule", au "mwenye gari", hata homa ilipomuua katika chumba cha kupanga huko mbali. Baba hakwenda kuzika. Mama alipokunja nguo zake aende, alimwambia, "Unakwenda kumzika nani?" Mama akazikunjua.

Usiku uliofuata, tak. Kisha ikaja sauti nyingine, ya kukwaruza polepole, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, sauti ya randa ikipita juu ya ubao. Fundi alimsikia baba yake akigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta. Asubuhi hakuna aliyeuliza mwenzake kitu. Walikunywa chai wakitazama vikombe.

Siku zikaenda hivyo. Gerejini Fundi alianza kuunga waya mwekundu mahali pa mweusi, na wenzake wakamtania kwamba amepata mchumba asiyemlaza. Nyumbani, harufu ya tindikali ya betri na kucha zilizoungua ilitoka bandani ikaingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Na mama akaacha kula.

Alfajiri moja Fundi alimkuta bandani, amelalia buti, shavu juu ya bati jekundu. Ngozi ya shavu ilikuwa ya baridi, na ikibonyezwa hairudi. Alama ya ukingo wa buti ilibaki imechimbika usoni kama mtu aliyelalia kamba.

"Mama, toka hapo."

"Nyamaza, utamwamsha," mama alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

"Nani?"

Mama alimtazama kwa macho ya mtu aliyelea mtoto mgonjwa usiku kucha. "Ananiuliza swali moja tu, mwanangu. Kila siku hilo hilo. 'Mama, naitwa nani?' Anasema humo ndani ni giza na amesahau. Nami nimekula kiapo kwa baba yako." Akapangusa bati kwa kanga yake, taratibu. "Lakini nimechoka kumnyima."

Fundi alimbeba mama yake kama anavyobeba betri, kifuani, na akashtuka kwamba betri ilikuwa nzito zaidi. Siku ile hakwenda kazini. Alikwenda kumwita shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mkunga aliyestaafu. Watu walimwita kwa uzazi zamani, na kwa mambo mengine yanayogoma kutoka. Aliingia akilalamikia magoti, akazunguka gari mara moja, akanusa, akaweka kiganja juu ya buti. Kutoka ndani, kitu kikagonga kiganja chake kwa upole, kama mtoto tumboni.

"Haya," alisema, akakiondoa kiganja na kukifuta kwenye gauni. "Niletee kiti, na umwite huyo mdogo wangu mwenye kichwa cha mvule."

Baba alikuja na kusimama mlangoni pa banda, hakuingia.

"Humo si mtoto wetu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini lisilo na jina, na lisilo na jina halina pa kukaa. Limezurura mpaka likakuta hapa kwenu jina zima, jema, limetupwa halitumiki, likaingia humo kama mpangaji kwenye nyumba tupu. Lakini bado halijalivaa. Linataka liitwe kwanza. Wifi akiliita, litatoka limevaa jina la mwanae, na atakayeingia humo badala yake ni yeye."

Fundi alisogea karibu. "Sasa, shangazi?"

"Sasa buti lifunguliwe; sijapata kumtoa mtu mlango ukiwa umefungwa. Na jina lirudi kwa mwenyewe, lisemwe pamoja na kifo chake, ili lijulikane lina mtu na mtu huyo amezikwa. Ulilitupa wewe, mdogo wangu. Utaliokota wewe."

"Nilisema halitatajwa."

"Ulisema. Mimi ndiye niliyemkata kitovu, ukaninong'oneza hilo jina sikioni kabla hata mama yake hajalisikia, huku unalia kama mtoto wa shule. Hilo nalo hukulisema?"

Baba alitazama mikono yake. "Aliniibia," alisema. "Kama angeomba, ningempa."

"Basi kaa na kinyongo cha randa yako, sisi tuandae sanda ya mkeo."

Baba akaondoka. Wakamsikia karakanani akifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Jioni, jua lilipokuwa linashuka nyuma ya mapaa, Fundi alileta betri nzima kutoka gerejini, akaitua kando ya gari. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha shangazi, hana nguvu ya kusimama, midomo ikitembea bila sauti. Shangazi alisimama nyuma yake, kiganja karibu na mdomo huo.

"Fanya haraka," alisema. "Wifi anakaribia."

Fundi alijikunja miguuni pa dereva, akang'oa mfuniko wa fyuzi, akavuta nje kijiti chekundu cha kupokelea umeme wa nje, kilichowekwa kwa siku kama hii, akakibana kwa waya wa chanya wa ile betri nzima. Waya wa hasi akaubana kwenye chuma cha mlango. Papo hapo king'ora cha gari kikalipuka, kikapiga yowe bandani mpaka vumbi likadondoka kwenye boriti, na ndani ya yowe hilo, wazi kabisa, kama mtu aliyeketi kiti cha abiria, sauti ya kaka yake ikasema, "Fundi, mikono yako imekua." Alikuwa analia na hakuwa na mkono wa kujifutia. Alibonyeza rimoti ya buti.

Tak.

King'ora kikakatika. Buti likainuka upana wa kidole, kisha likavutwa chini, si na loki, kwani loki ilikuwa imekwisha kuachia, bali na vidole, vinne upande huu na vinne upande ule, virefu, vya rangi ya maji machafu, visivyo na kucha, vilivyojikunja juu ya ukingo wa bati na kuling'ang'ania kwa ndani kama mtu anayevuta blanketi asubuhi ya baridi. Katika ule mwanya mwembamba, kwa mwanga wa taa ya buti iliyowaka baada ya siku zote zile, Fundi aliona betri iliyokufa, na kando yake shati la kaka yake likiwa limefunga kitu, na penye mkunjo wa shati, mti mweusi unaong'aa, uliopakwa mafuta, na mpini mpya uliochongwa na mtu asiye seremala lakini aliyejitahidi sana.

"Baba," aliita. Hakujua baba yake yuko wapi. "Baba, alikuwa anairudisha."

"Mama," sauti ndani ya buti ikasema, laini, "giza limenichosha. Naitwa nani?"

Mdomo wa mama ukafunguka. Shangazi akaufunika, na mama, aliyeshindwa hata kubeba kikombe, akamtikisa shangazi kama jani. Mkono ukateleza, pumzi ya kwanza ya neno ikatoka, na vidole vile vikaanza kusukuma buti juu badala ya kulivuta chini, taratibu, kwa furaha, na harufu ya kucha zilizoungua ikajaa banda, ikawasha macho mpaka Fundi akashindwa kuona mama yake yuko wapi na ukuta uko wapi, akasikia tu ndara zikiburuzwa sakafuni, hatua za mzee aliyekataa njia yote huku akiifuata.

Baba alipita katikati yao. Alimwekea mkewe kiganja begani, akamgeukia yeye, si buti.

"Nisamehe," alisema. "Ulikuwa na haki ya kwenda kumzika." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo alioubeba njia ndefu, "Mwanangu amekufa."

Vidole vikatulia. Ndani ya buti kitu kikacheka, kicheko kidogo, cha kaka kabisa, kile cha utotoni cha kujificha nyuma ya mbao.

"Mwanao yupi?"

Baba aliinamisha kichwa. Alinyoosha mkono bila kuvitazama vile vidole, akaupitisha katikati yao, ndani ya mwanya, mpaka akaishika randa yake kwa mpini ule mpya, mpini wa mkono wa mwanawe. Na midomo yake iliyoganda miaka yote ile ilipoanza kulitafuta jina, Fundi aliona kidole cha kwanza kikiachia bati, kisha cha pili, kisha vyote.

"Idrisa," baba alisema. "Mwanangu Idrisa amekufa."