Kisanduku cha Ukutani

Honi ya lori ililia nje ya ua, ndefu, ya hasira. Kétsia aliacha sahani alizokuwa akiosha kabla ya shule, akafungua geti. Papa Léopold, dereva wa mama yake, aliingia shati limechanika, mdomo umevimba.

Alimsimulia Mama kwamba watu wenye bunduki walimvizia msituni, wakampiga, wakachukua chumvi na sabuni zote. "Mama Kahambu, njia ile uliijua wewe tu," alisema. "Kuna muntu iko ndani ya kompyuta yako."

Tangu vita vikaze, Mama alipanga safari za malori kwenye kompyuta. Intaneti ya waya wa kioo ilipofika Mubi, kampuni ilifunga kisanduku ukutani, ikaacha na ruta, kifaa cha kusambaza intaneti, yenye neno la siri ambalo mji mzima ulilijua. Merdi, kaka yake Kétsia, alileta parefe, kifaa cha kuzuia wavamizi wa mtandao. Alimwagiza Kétsia aondoe ruta, aunganishe parefe moja kwa moja kwenye kisanduku, kisha akizime kisanduku na kukiwasha upya.

Lakini Mubi, ambako umeme huja na kupotea, ukishafika nani huzima kitu kwa mkono wake? Kétsia hakuzima. Parefe ikakosa intaneti. Akarudisha ruta, akasema kazi imeisha.

Merdi aliingia, akaiona ruta ikiwaka. "Uliunganisha nini, kichwa chako?"

"Labda waya ni mbovu."

"Unadanganya tena, huku unatazama mdomo wa Papa Léopold?"

Hasira ilimpanda Kétsia: kwa Merdi, kwa kampuni, kwa wenye bunduki, na zaidi kwa nafsi yake. Alikiri yote. Aling'oa ruta, akachomeka parefe, akakizima kisanduku. Merdi alieleza kwa ukali kwamba kisanduku hushikilia kifaa cha kwanza kilichochomekwa, hakikubali kingine mpaka kizimwe. Kilipowashwa, parefe ilipata intaneti. Merdi akabadilisha maneno yote ya siri ya kompyuta.

Mama hakutabasamu. "Kushindwa hakukumuumiza Papa Léopold," alisema. "Uongo njo ulimuumiza. Ungesema umeshindwa, tungekusaidia siku ileile."

Dereva alikuwa tayari akikagua matairi. Kesho angerudi barabarani. Kétsia alimfuata, akasimama mbele yake.

"Papa Léopold, kazi ikinishinda nitakuambia wewe mwenyewe, kabla hujawasha lori. Nakuahidi."