Udongo wa Kuonyesha Wageni

Hivi wewe, mgeni akija kwako, unampa chai kwenye kikombe chenye ufa? Thubutu! Basi hata mke wa seremala, alipoambiwa apeleke udongo wa bustani yake maabara ukapimwe, alichota ule mweusi, laini, wa karibu na bomba. Akaupepeta, akautia kwenye kopo jipya. Asije akaaibika.

Lakini nyuma ya nyumba mchicha wake ulikuwa wa manjano kama karatasi kuukuu. Kila wiki alimwaga humo gunia la maranda kutoka karakana ya mumewe, akidhani ni mbolea.

"Bustani gani hii kwenye kiwanja changu?" mama mkwe alisema. "Nakupa mpaka mvua zijazo. Isipostawi, shemeji yako atajenga chumba hapa."

"Ndiyo, mama," mke wa seremala akaitikia, kama kawaida yake, akalipeleka kopo lake maabara.

Mpimaji wa udongo, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma majibu akaguna. "Udongo mzuri mno huu. Umeuchota wapi, mwanangu?"

"Karibu na bomba."

"Mchicha umeupanda bombani?"

"Hapana, mama."

"Basi linauma goti, wewe umenipa kiwiko! Rudi. Chota sehemu kumi za bustani, kina cha kiganja. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, uniletee viganja viwili."

Aliporudi, mpimaji alimwonyesha. "Kwanza natia asidi kuondoa chokaa. Chokaa nayo ina kaboni, lakini si ya majani yaliyooza. Kisha nachoma udongo kidogo, haufiki punje ya mahindi. Mashine inapima gesi zake: hii kaboni, hii naitrojeni."

Akasubiri namba. "Udongo mzuri una kaboni kama sehemu kumi na mbili kwa naitrojeni moja. Wako, thelathini na tano."

"Si kaboni nyingi ndiyo heri?"

"Ikiwa na mwenzake. Vijidudu vya udongoni vinakula maranda, lakini maranda hayana naitrojeni ya kutosha. Basi vinapora ya mchicha. Acha maranda. Tia samadi iliyooza, panda na kunde, naitrojeni irudi."

Akafanya hivyo. Mvua ziliponyesha, mchicha ukatoka wa kijani kizito, majani mapana. Mama mkwe akachuma, akachuma tena, mpaka kanga ikajaa.

"Haya," akasema, "nakuazima msimu mmoja zaidi."

Mke wa seremala akaweka jembe chini.

"Mama, sitaki kuazimwa. Nataka kipande hiki kiwe changu."